Picha za watu waliokaa mezani: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yangu

Nachora. Niko Moshi mjini, na asilimia kubwa ya kazi zangu ni watu wamekaa mezani, familia, kamati za harusi, wazee na kata za kunywea mbege (pombe yetu ya ndizi), Karamu ya Mwisho za kila saizi. Ikifika Novemba simu haitulii kwa sababu si mnajua Desemba watu wanarudi nyumbani huku mlimani Kilimanjaro, na kila ukoo unataka picha ya wote wakiwa meza moja hata kama wenyewe hawajawahi kukaa meza moja tangu mzee agawe kihamba, yaani shamba la ukoo. Maswali ni yale yale, nimechoka kurekodi voisi, nimeyaandika hapa. Someni kwanza ndo mnipigie.

Kwanini kwenye Karamu ya Mwisho wote wamekaa upande mmoja wa meza?

Hili ndo namba moja. Mi huwa nauliza, umeshaenda harusini? Meza kuu wanakaaje? Maharusi katikati, wapambe pembeni, wote upande mmoja wanaangalia ukumbi, upande wa pili hamna kiti, na sijawahi kuona mtu ananyoosha mkono kumuuliza emsii mbona kule mbele pametupu. Tumekuja kuwaona, wakitupa migongo tutaona nini?

Sasa ile ya Leonardo da Vinci, yule mchoraji Mwitaliano, ndo hivyo hivyo kabisa, maana aliichora kwenye ukuta wa bwalo la chakula la watawa Wadominiko, kwenye kanisa la Santa Maria delle Grazie pale Milan, kati ya 1495 na 1498. Watawa wanakula chini, wakiinua macho wanaona meza ya Yesu na wanafunzi iko juu yao kule mwisho wa bwalo. Yaani ni meza kuu. Ukiitoa pale ukaiweka sebuleni juu ya tivii ndo inaanza kuonekana ya ajabu, lakini pale ilipo ilikuwa inamalizia chumba.

Yuda ni yupi?

Ukiiangalia, anzia kwa Yesu nenda kushoto kwako. Wa kwanza ni Yohana, kijana, ameegemea mbali. Anafuata Petro amejisukuma katikati anamnong'oneza Yohana, na mkononi ana kisu. Yule ambaye Petro amemsukuma mbele, kiwiko kipo juu ya meza, uso una kivuli na ameshikilia kamfuko, huyo ndo Yuda.

Zamani kumjua Yuda ilikuwa rahisi. Wachoraji wa Florence walikuwa wanamtenga, wenzake wote upande ule yeye peke yake upande huu, angalia Andrea del Castagno mwaka 1447 au Ghirlandaio mwaka 1480, unamuona kakaa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Leonardo akamrudisha kwenye mstari na wenzake. Hapo ndo palinifundisha kazi hii kuliko darasa lolote, kwamba huhitaji kumtenga mtu kwenye meza ili aonekane katengwa, mikono yake inatosha kusema. Yesu ametoka kusema mmoja wenu atanisaliti, watu wamegawanyika makundi manne ya watatu watatu, na ukiziba nyuso zote kwa karatasi ukaacha mikono tu bado unaelewa nani kashtuka, nani anajitetea, nani anajua. Jaribuni nyumbani.

Yule pembeni ya Yesu si mwanamke?

Ni Yohana. Enzi zile kijana mdogo alichorwa hana ndevu na nywele ndefu, na sio Leonardo tu, walichora hivyo wengi. Twende mbele.

Ile orijino inauzwa wapi, na kwanini ya kwangu imepauka hivi?

Orijino haiuziki, ni ukuta. Ina kama mita 4.6 kwenda juu na mita 8.8 upana. Na yenyewe ilianza kubanduka Leonardo akiwa bado hai, kwa sababu hakutaka kuchora kwa haraka kwenye plasta mbichi kama wenzake, alitaka awe anaenda anaangalia anarudi anarekebisha, kwahiyo akapaka rangi juu ya plasta iliyokauka, na unyevu ukamaliza. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango pale katikati chini, miguu ya Yesu ikaenda na mlango. Agosti 1943 bwalo likapigwa bomu vitani, paa likaanguka, ukuta wenye picha ukabaki umesimama kwa sababu walikuwa wameukinga. Halafu mafundi wakaja kuisafisha na kuitengeneza kuanzia 1978 mpaka 1999, miaka 21! Leo ukienda unaingia kwa kundi dogo unakaa dakika 15 unatolewa.

Kwahiyo ya kwenu ile ya kitambaa cha manyoya, au ile yenye saa katikati, ni nakala ya nakala ya nakala. Kupauka sio laana, ni jua la dirishani. Ihamishe.

Kuna wachoraji maarufu waliochora watu wa kawaida tu wanakula, sio mambo ya dini?

Wengi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo napenda.

Kuna ya Vincent van Gogh ya mwaka 1885, Wala Viazi, alichora kijijini Nuenen kule Uholanzi. Watu watano chini ya taa moja ya mafuta, sahani ya viazi, kahawa inamiminwa. Kabla ya kuichora alichora vichwa vya wakulima wa pale makumi kwa makumi kama mazoezi, halafu akaja akapaka rangi ya kiazi chenye udongo ambacho hakijamenywa. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba alitaka ionekane hawa watu mikono wanayoitia kwenye sahani ndo hiyo hiyo iliyolima shamba. Mtu aliyekulia migombani haitaji kuelezwa hii. Bibi yangu mikono yake ilikuwa na weusi wa kumenya ndizi ambao hata Krismasi hautoki, na ukimchora na mikono misafi hujamchora yeye, umemchora mtu mwingine.

Angalia pia yule msichana ametupa mgongo. Wateja wangu hawapendi migongo, wanaona kama hela imeliwa, lakini picha ya mezani bila mtu hata mmoja aliyegeuka inakuwa kama picha ya pasipoti ya kundi. Mgongo unakukaribisha, unakaa nyuma yake, unakuwa mtu wa sita.

Halafu kuna Pieter Bruegel, Harusi ya Wakulima, kama mwaka 1567 hivi, sasa iko Vienna. Ghala limejaa, watu wamebanana kwenye mabenchi, wanaume wawili wanabeba sahani za chakula juu ya mlango uliong'olewa. Mlango! Si ndo sisi tu, sinia zikiisha unatafuta chochote kilicho bapa. Na bibi harusi amekaa mbele ya kitambaa cheusi-kijani kilichotundikwa nyuma yake, ana taji, mikono ameikunja, hali, haongei, kafumba macho nusu. Nendeni ukumbi wowote hapa Moshi Jumamosi muangalie bibi harusi wakati ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) inaingia. Amekunja mikono vile vile. Kuna watu wamebishana miaka na miaka kwenye ile picha bwana harusi ni yupi, na kiukweli hata harusi za kwetu kuna muda humuoni, yuko nje anasaka hela ya maji.

Na Renoir, Ufaransa, 1880 hadi 1881, vijana wamemaliza kula barazani kwenye mgahawa ukingoni mwa mto Seine, glasi, zabibu, makofia. Yule dada anayecheza na kambwa juu ya meza alikuja kuwa mke wa Renoir. Ni nzuri ila hamna aliyechoka pale, mi huwa naitazama kidogo naendelea na safari.

Mbona zote za wazungu? Wa kwetu hamna?

Wapo, tena wa hapa hapa mlimani, inaniuma watu kutowajua. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Alichora vihamba, watu wadogo wadogo wengi wanafanya kazi pamoja. Moja ya picha zake, ya 1956, inaonyesha wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na hiyo iko New York kwenye jumba la sanaa la MoMA. Mbege yetu iko New York wakati wajukuu zetu wananiuliza mbege ni juisi gani.

Mwingine ni Elimo Njau, wa Marangu, kazaliwa 1932. Mwaka 1959 alichora ukutani kwenye kanisa la Kianglikana Murang'a, Kenya, picha tano za maisha ya Yesu, na mojawapo ni Karamu ya Mwisho. Yesu Mwafrika, milima na watu wa huku. Baadaye akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi, na Marangu pia alifungua nyumba ya sanaa ya Kibo. Kwahiyo mchungaji akiniambia Karamu ya Mwisho yenye migomba nyuma ni utani, namwambia baba mchungaji, kazi hii ilishafanywa na kijana wa Marangu kabla hata ya uhuru.

Hata Peru kule Cusco kuna ya karne ya 18 ya Marcos Zapata, kwenye sahani katikati ya meza ameweka panya wale wa kufugwa wanaoliwa huko, tunaowaita simbilisi. Kila mtu anakaribisha kwa kile anachokula kwao.

Sisi nyumbani hatukuwa na meza, tulikaa mkekani au kwenye vigoda. Naweza kuchorwa hivyo au mpaka meza?

Swali zuri sana na jibu ni ndiyo, tena nawaomba. Meza sio zile mbao, meza ni kile kitu ambacho mikono yote inakielekea. Sinia la pilau katikati ya mkeka ni meza. Chungu cha mbege na wazee wameizunguka ni meza. Na kwa mchoraji mkeka ni raha kwa sababu meza inakata watu kiunoni unapoteza miguu yote, mkekani unapata miguu, magoti, kandambili zilizovuliwa pembeni, na kandambili zinasema mengi.

Unaweza kuchora wazee wanakunywa mbege? Na unaweza kuifanya ionekane soda?

La kwanza ndiyo. La pili naomba nisifanye. Nilishafanya mara moja, familia ya kilokole, babu yao alikuwa anapenda mbege kama nini lakini wakataka mkononi ashike chupa ya soda. Nikachora. Ikaonekana babu anashangaa ile chupa. Kata inashikwa kwa kiganja kutoka chini, kwa uzito, mtu anainama kidogo kuifuata, chupa inashikwa kwa vidole. Ukibadilisha kitu bila kubadilisha mkono, bega na shingo, picha inakataa. Ikabidi niirudie babu akiwa ameshika fimbo, na hiyo mpaka leo ipo ukutani kwao.

Na jamani, utaratibu tuuheshimu. Anayepokea kata kwanza ajulikane. Msiniambie weka tu wazee watano watakavyokaa, kwa sababu mtu mzima akiiona atauliza huyu kijana mbona yuko kwenye kiti kile, na atakuwa sahihi.

Bei ikoje?

Nachaji kwa kichwa. Kwa sasa kanvasi ya futi tatu kwa nne, rangi ya akriliki, naanza na 180,000/= kwa watu wanne, kila kichwa kinachoongezeka ni 25,000/=. Migongo nusu bei (naona sasa mmeanza kuipenda migongo). Watoto wa mikononi bure. Chakula nakupa ofa, ila mkitaka ndafu mzima na majani mdomoni tuongee, ile ni kazi ya siku mbili.

Watu hulalamika kuchaji kwa kichwa ni tamaa. Sio mimi niliyeanza. Waholanzi kule walikuwa na picha za vikosi na vyama, watu wanajichangia kama kamati ya harusi, kila mmoja anatoa chake anachorwa. Frans Hals alichora maofisa wa Haarlem kwenye karamu yao mwaka 1616 kwa mtindo huo wa picha za vikundi, na Rembrandt kwenye ile ya kikosi ya 1642 kila aliyechorwa alitoa kama gilda 100, wengine zaidi wengine pungufu kulingana na anavyoonekana. Kwahiyo mkitaka mjomba akae katikati kwa sababu ndo aliyechanga nyingi, hiyo ni desturi ya kimataifa kabisa, mimi nachora.

Watu 40 naweza? Naweza, ila muwe na ukuta. Veronese alichora Harusi ya Kana na watu kama 130, 1562 hadi 1563, na ile picha ina karibu mita 7 kwa mita 10. Iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, wanajeshi wa Napoleon waliibeba kutoka Venice. Nyie mna sebule ya mita nne.

Baba alifariki. Unaweza kumweka mezani na sisi?

Ndiyo, na ndo kazi ninazozipokea zaidi ya zote. Pole kwanza.

Sharti langu ni moja, simuweki kwenye mawingu. Watu wananitumia mifano ya kwenye simu, familia iko mezani halafu marehemu anatokea juu na mwanga kama anachungulia dirishani. Mi namweka kwenye kiti chake. Nitauliza alikuwa anakaa wapi, anaangalia mlango au anaangalia dirisha, anakula kwa mkono au kijiko, na alikuwa anaanza kula au anasubiri wote wapakuliwe. Hapo ndo simu inakuwa kimya kidogo upande wa pili, halafu mtu anaanza kuongea nusu saa. Kuna dada mmoja wa Himo aliniambia baba yake alikuwa hali mpaka ameshageuza sahani, nyama iwe upande wake. Basi nikachora mkono unageuza sahani. Uso nilikosea kidogo, nakubali, picha waliyonipa ilikuwa ya kitambulisho, lakini hakuna hata mmoja aliyelalamikia uso.

Dada ameachana na mumewe. Unaweza kumtoa shemeji kwenye picha ya zamani?

Naweza lakini sikiliza kilichonipata. Nilimtoa shemeji mmoja, nikaziba vizuri nikachora pazia pale alipokuwa, nikapeleka kazi, wakanilipa, wiki ya pili napigiwa simu, mkono umebaki. Begani kwa dada. Vidole vinne vimetulia pale havina mwenyewe. Mpaka leo rafiki zangu wananiita fundi mkono. Siku hizi kumtoa mtu natoza zaidi ya kumweka, kwa sababu mtu aliyekaa mezani ameshikana na wenzake sehemu nyingi kuliko unavyodhani.

Njia nyingine ni ile ya Veronese. Mwaka 1573 alichora Karamu ya Mwisho kwa ajili ya watawa Venice, lakini akajaza ndani wachekeshaji, mbwa, walinzi wa Kijerumani, mtu anatokwa damu puani. Akaitwa na Baraza la Kanisa la kuhoji wazushi, wakamuuliza hawa wanafanya nini kwenye meza ya Bwana, wakampa miezi mitatu arekebishe kwa hela yake. Hakumtoa mtu hata mmoja wa maana. Alibadilisha jina tu, ikawa Karamu nyumbani kwa Lawi, ikaisha hiyo. Kwahiyo shemeji anaweza kubaki, tukasema ni mpangaji.

Najifunza kuchora, meza yangu inaonekana kama vitu vyote vitamwagika. Nifanyeje?

Msumari na uzi. Sikutanii. Piga kamsumari kadogo pale unapotaka jicho liende, funga uzi, uvute mpaka kwenye kila pembe ya meza, kingo zote zinazokwenda mbali nawe zifuate uzi. Leonardo alifanya hivyo hivyo, tundu la msumari lilikutwa kwenye kichwa cha Yesu, upande wa panja, na ndo maana dari na kuta zote kule zinakimbilia kwake. Ukishamaliza, toa msumari, ziba.

Ila ukitaka imwagike makusudi, imwagike. Tintoretto kwenye Karamu ya Mwisho yake ya 1592 hadi 1594 aliitega meza mshazari inaingia ndani gizani, unapata kizunguzungu, Yesu unamtafuta, watumishi na paka ndo wako mbele. Na wenzetu wanaochora mtindo wa Tingatinga hawajawahi kuhangaika na uzi wowote na picha zinauzwa Dar na Arusha na Ulaya. Kosa ni pale meza inapomwagika na wewe hukutaka.

Wale mbwa wanaocheza karata wana maana gani?

Tangazo la biashara. Coolidge, Mmarekani, kampuni moja ya huko ilimwagiza achore picha za matangazo na kalenda kuanzia 1903. Nachora pia kwa ajili ya baa, mbwa mmoja ni kichwa kimoja, bei ile ile.

Picha ya mezani ya gharama kuliko zote?

Wacheza Karata ya Cézanne, mojawapo ya tano, ilisemekana kununuliwa na familia ya kifalme ya Qatar 2011 kwa zaidi ya dola milioni 250. Ni wakulima wawili na chupa. Ndo mnaniambia 180,000 ni nyingi.

Nikutumie picha za aina gani?

Msinitumie selfi. Selfi inafanya pua kubwa na masikio yanakimbia, na wote wanakuwa na mkono mmoja tu. Nataka mtu amepigwa kuanzia kiunoni, mwanga wa dirisha wa upande mmoja, asubuhi au saa kumi jioni, na mikono ionekane. Nikirudia neno mikono mnisamehe. Na kila mtu apigwe mwanga ukitokea upande ule ule, kuna kaka alinitumia ndugu saba, mmoja Dubai usiku, mmoja Arusha mchana wa jua kali, mmoja ofisini chini ya taa ya tyubu, nikaonekana nimechora watu saba kutoka sayari saba.

Muda ni wiki tatu. Nikiambiwa kesho sipokei.

Niitundike wapi?

Mbali na jiko la kuni na mbali na dirisha la jua la jioni. Usiifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, narudia, najua mnafanya. Kitambaa kikavu laini. Ukuta wa chumba cha kulia ni mzuri lakini iwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, sio aliyesimama, muwe mnatazamana na wa kwenye picha.

Mama akae wapi?

Hapa nilijifunza kwa aibu. Mteja mmoja, mtoto wa Kibosho anaishi Dodoma, aliagiza familia nzima, baba kichwani mwa meza, mama pembeni yake, watoto sita. Nikachora rasimu, nikaipeleka mwenyewe mpaka kijijini mama aione kabla ya rangi. Akaitazama muda mrefu, akaniambia, baba, mbona mimi nimekaa? Nani anapakua?

Nikamwambia mama hapa ni picha tu. Akasema ndiyo, lakini hawa watoto wote sahani zao zina chakula, nimekaaje na nimepakuaje? Nikarudi nikawaza. Kuna ile ya Mmarekani Norman Rockwell, ya 1943, mama kasimama kwenye kichwa cha meza anaweka bata mzinga mkubwa, wote wanacheka, na hata kwenye hiyo mama hajakaa bado. Nikaanza kupekua zile zote ninazozipenda. Kwa Van Gogh mwanamke mzee ndo anayemimina kahawa.

Nikajaribu kumchora amesimama na mwiko. Watoto wakakataa, wakasema mama apumzike hata kwenye picha jamani, tunalipia apumzike. Nimekaa na ile kanvasi siku nne. Mwisho nikamkalisha, lakini kwenye ncha ya kiti, mgongo haujagusa, mkono wa kushoto mezani na wa kulia uko kwenye mfuniko wa sufuria ya machalari (ndizi za kupikwa na nyama), ameuinua kidogo, mvuke unatoka. Watoto wakafurahi, amekaa. Nikapeleka Kibosho tarehe 23 Desemba, nyumba imejaa, wakaitundika pale pale.

Mama akasogea karibu kabisa, akanyoosha kidole kwa wa mwisho wake, yule niliyemchora kashika kijiko.

"Huyu sahani yake imeisha. Muongezee."